Kitabu Kimeniudhi: Je, Kosa ni Langu?

Barua za mwezi huu hazikuuliza sana kitabu gani kinunuliwe au kiachwe. Wengi wameandika kueleza kile ambacho kitabu kiliwafanyia wao wenyewe: kimoja kilimkesha mtu hadi alfajiri, kingine kilimkasirisha, kingine kilimtoa machozi ambayo hakuyataka. Nimechagua nne ambazo zilinifanya nami nirudi kwenye rafu yangu.

Swali: Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 46, na jioni nikitoka kazini husoma hadithi za upelelezi. *Mzimu wa Watu wa Kale* nimeirudia mara tatu, ingawa muuaji nimemjua tangu mara ya kwanza. Wenzangu hunicheka kwamba nasoma vitabu vya vijana. Mbona mimi sichoki?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu yangu, huenda hao wanaokucheka hawajui kwamba riwaya hiyo ya Muhammed Said Abdulla ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58, kabla hata haijachapishwa mwaka 1960. Sababu ya kutochoka kwako ni kwamba umekwisha kuacha kumkimbiza muuaji, na sasa unaitazama mikono ya mwandishi, kama mtu aliyeonyeshwa siri ya kiinimacho akaenda kukaa upande wa nyuma wa mchezaji. Bwana Ali amekutwa maiti mzimuni, watu wanatazamana na kuanza kutaja mambo ya mizimu, na mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni, anauliza vijiswali ambavyo kwa mara ya kwanza vinaonekana vya kupotezea muda tu. Visome tena ukiwa na jawabu mkononi, nawe utaona jinsi kila kimoja kilivyowekwa mahali pake mbele ya macho yako bila wewe kukiona.

Si kila riwaya ya upelelezi inayostahimili kurudiwa, na zile ambazo utamu wake wote ni risasi na magari yanayofukuzana humalizika siku ileile zinaposomwa. Hii yako si ya namna hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kupitilizwa kituo changu ndani ya basi kwa sababu ya Bwana Msa, nikarudi kwa miguu juani, wala sikujuta.

Swali: Nimeisoma *Rosa Mistika* baada ya kuisikia ikitajwa kwa miaka mingi. Nilipofika mwisho nilikitupa kitabu kitandani kwa hasira. Kwa nini mwandishi amfikishe msichana yule kwenye kujiua, kana kwamba hapakuwa na njia nyingine? Mume wangu ananiambia hadithi ni hadithi tu.
*Mama wa watoto watatu, Mwanza*

Jibu: Mama, hadithi ambayo ni hadithi tu haitupwi kitandani. Kitabu hiki cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kiliwakasirisha watu tangu kilipotoka mwaka 1971, hata kikazuiwa shuleni kwa muda kabla ya kuja kuruhusiwa na kufundishwa. Lakini hasira ya wale waliokizuia na hasira yako hazikuzaliwa na mama mmoja. Wao walikerwa kwamba mambo ya chumbani yametajwa waziwazi mbele ya vijana, ilhali wewe umekerwa kwamba mtoto wa watu ameachwa afe.

Ninakuomba urudi kwenye kurasa za mwanzo, pale ambapo Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Barua yenyewe ni jambo la kitoto, lakini fimbo si ya kitoto, na kwa muda mrefu baada ya hapo Rosa anakuwa msichana anayewaogopa wanaume bila ya kuwa amefundishwa lolote juu yao. Anapofika mbali na macho ya baba, hofu ile inakatika kama kamba iliyovutwa kupita kiasi. Kwa hiyo unaponiuliza kama hapakuwa na njia nyingine, jibu langu ni kwamba zilikuwapo, na nadhani mwandishi alizifunga makusudi moja baada ya nyingine huku sisi wasomaji tukitazama. Jambo moja nakuunga mkono bila kusita: katika kitabu kile wanaume wengi wanapita na kwenda zao, na anayebakia kulipa ni Rosa. Hata hivyo kabla hujamhukumu Kezilahabi, chunguza vizuri hasira yako inamwelekea nani. Yangu, nilipoisoma mara ya pili, niliikuta imesimama mlangoni kwa Zakaria.

Swali: Mhadhiri wetu anaisifu *Nagona* kila wiki. Nimeianza mara nne na mara nne nimeshindwa. Je, sina akili ya fasihi?
*Mwanafunzi wa chuo, Eldoret*

Jibu: Akili unayo. Kitabu hicho cha mwaka 1990 hakifiki hata kurasa mia, nacho kimewatoa jasho watu waliozoea kumaliza vitabu vinene kwa siku mbili. Ni cha Kezilahabi yuleyule niliyemtaja hapo juu, lakini ukikisoma kama unavyosoma *Rosa Mistika*, ukitafuta nani alifanya nini kisha kikafuata nini, utapotea ukurasa wa tatu, kwa maana mambo yake yanakwenda kama yanavyokwenda ndotoni. Soma kurasa chache kwa sauti bila kudai maana papo hapo. Ukishindwa mara ya tano, kiweke kando bila aibu. Mimi nilikiweka miaka sita.

Swali: Niliachika mwaka juzi, na sasa ninamuuguza mama yangu. Rafiki yangu alikuja kunisomea *Utendi wa Mwana Kupona*. Mawaidha kuhusu mume yalinichoma: nimpepee alalapo, nisimsumbue, na Siku ya Kiyama aulizwe yeye nitendewe nini. Hata hivyo beti za mwanzo zilinitoa machozi kabla sijafika huko. Inawezekanaje kulilia shairi ambalo sikubaliani nalo?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Dada yangu, barua yako nimekaa nayo kuliko zote. Ulichokisikia mwanzo hakikuwa mawaidha bado. Ubeti wa kwanza unaanza hivi:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*

yaani nisogelee, binti yangu, wewe uliye mchache wa miaka, usikilize wasia. Kisha mama mtunzi, Mwana Kupona, anaeleza kwamba maradhi yamemshika mpaka yametimiza mwaka, na muda wote huo hakupata kutamka neno jema la kumwambia mwanawe. Kisha anamwita aje mbele, aketi, akiwa na wino na karatasi. Mtu anayekaa kitandani kwa mgonjwa, kama wewe, hahitaji mhakiki wa kumfafanulia beti hizo.

Pia ulizisikia kwa sikio, wala hukuzisoma kimya, na tendi zetu zilitungwa kwa ajili ya sikio. Kila mstari una mizani nane, yaani silabi nane. Hata katika neno *binti*, ile *n* inahesabiwa mizani yake peke yake, na msomaji mzuri huitua kidogo. Mistari mitatu hupatana vina, kisha wa nne hurudi kwenye kina kilekile kinachofunga kila ubeti, beti zaidi ya mia, kama mkono unaorudi kumgusa mtoto begani. Sauti hiyo inafika kifuani kabla akili haijapata nafasi ya kubishana na maneno.

Kuhusu mume, sitajaribu kukulainishia. Maneno yale yapo kama ulivyoyasikia, na unayo haki ya kuyakataa. Nitaongeza jambo moja tu ambalo lilibadilisha usomaji wangu: Mwana Kupona alipotunga utendi huu mwaka 1858, mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki yapata miaka miwili nyuma. Anayemfundisha binti namna ya kumpepea mume ni mjane, naye ni mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Anampa mwanawe, Mwana Hashima, silaha alizozijua yeye katika dunia aliyoijua, na haraka aliyokuwa nayo inasikika. Mtu anaweza kuukataa wasia wa mzazi neno kwa neno na bado akaililia sauti iliyousema.

Kama mama yako ana nguvu za kusikiliza, msomee beti tatu za mwanzo, polepole, ukiitua ile *n*. Uishie hapo kwa usiku huo. Kisha mwulize kama yeye ana neno ambalo hajapata kukwambia, na uwe umeweka kalamu na karatasi karibu.