Kamera ya Kurekodia Taarab

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kikundi chetu cha taarab hapa Unguja kinatafuta kamera ya video ya bei nafuu, kwani simu tunayotumia hupasua sauti kila ngoma zinapopanda. Tununue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tangulizeni sauti, kwa kuwa mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini sauti iliyopasuka humfukuza mara moja. Kamera ya video iitwayo Zoom Q2n-4K iliundwa kwa ajili ya wanamuziki, na maikrofoni zake mbili huhimili sauti kubwa, mradi mpunguze kiwango cha sauti inayorekodiwa mapema, wakati fidla, ganuni na ngoma zikijaribiwa pamoja. Lenzi yake ni pana na haivuti vya mbali, hivyo iwekeni karibu na jukwaa. Mkichagua kamera iliyotumika, nami naona si vibaya, hakikisheni ina tundu la maikrofoni ya nje.