Kwa mwanangu aliye Glasgow: R. S. McColl hakuwa msaliti

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote tu wazima, na baba yako anakusalimu. Umeniandikia kwamba wenzako wa kazini walikupeleka kuitazama Queen's Park ikicheza, na kwamba mzee mmoja aliyeketi karibu nanyi alimtaja Robert Smyth McColl kwa heshima iliyochanganyika na lawama: heshima kwa ajili ya mabao yake, lawama kwa sababu aliiacha klabu iliyomlea akaenda kucheza kwa mshahara. Ukaniuliza mtu huyo alikuwa nani, na kama ni haki kumwita msaliti. Sioni kwamba ni haki, na nitakueleza sababu zangu kwa kirefu, maana habari zake nimezisoma kwa miaka mingi na nimempenda.

McColl alizaliwa Glasgow mwaka 1876, akajiunga na Queen's Park mwaka 1894. Ili uelewe uzito wa jambo hilo, yakupasa ujue klabu hiyo ilikuwa nini. Ilianzishwa mwaka 1867, na ndiyo klabu kongwe kuliko zote za kandanda Uskoti. Timu za taifa za Uskoti na England zilipokutana kwa mara ya kwanza, tarehe 30 Novemba 1872, kwenye uwanja wa kriketi wa Partick, wachezaji wote kumi na mmoja wa Uskoti walitoka Queen's Park, na mchezo ukaisha bila bao. Waingereza wa siku zile walizoea kwamba mtu akiupata mpira anakimbia nao peke yake mpaka anyang'anywe. Vijana wa Queen's Park walipasiana. Mtindo huo wa pasi ndio uliowafanya Waskoti watafutwe na klabu za England kwa miongo iliyofuata, na ndio shule aliyosomea McColl.

Lakini alifika wakati maji yalikuwa yameanza kupwa. Mwaka 1893 Queen's Park ilitwaa Kombe la Uskoti kwa mara ya kumi, na mwaka huohuo Chama cha Soka cha Uskoti kikaruhusu wachezaji walipwe. Klabu nyingine kubwa zikaanza kulipa. Queen's Park ikasimama kwenye soka la ridhaa na kukataa kabisa. Hata ligi, iliyoanzishwa mwaka 1890, haikuingia mpaka mwaka 1900. Maana yake ni kwamba miaka mingi ya ujana wa McColl ilipita katika michezo ya kirafiki na ya vikombe, na mtu akitafuta mabao yake katika jedwali za ligi za wakati ule atayakosa, kana kwamba hakucheza.

Ndiyo maana mimi humpima kwa timu ya taifa. Enzi hizo Uskoti ilicheza michezo mitatu tu kwa mwaka, dhidi ya England, Wales na Ireland, na kila mwaka wateuzi walikuwa huru kukuacha. McColl aliitwa mara 13 kati ya 1896 na 1908, akafunga mabao 13. Mwezi Machi 1899 alifunga matatu dhidi ya Wales huko Wrexham, na juma moja baadaye matatu mengine dhidi ya Ireland, katika ushindi wa 9 kwa 1.

Kisha ukaja mchezo wa tarehe 7 Aprili 1900, katika uwanja wa Celtic, dhidi ya England. Nakusihi uutafute, kwa sababu Waskoti bado wanausimulia. Siku hiyo Uskoti haikuvaa buluu, bali rangi ya manjano na waridi za farasi wa mashindano wa Lord Rosebery, aliyewahi kuwa waziri mkuu na ambaye alikuwa mlezi wa heshima wa chama cha soka. McColl alifunga bao la kwanza mapema mno, kabla watazamaji wengi hawajatulia, na kufikia mapumziko alikuwa amefunga matatu. Bao jingine la Uskoti lilikuwa la Bell, na England ikapata moja tu la Bloomer. Kuifunga England mabao matatu peke yako, mbele ya umati uliozidi watu sitini elfu, ukiwa mchezaji usiyelipwa hata senti, ni jambo ambalo hakuna mshambuliaji wa kati wa Uskoti wa wakati ule ambaye hangelitamani. Tena hakuwa mtu wa kungoja mpira mbele ya golikipa. Sifa yake ilikuwa kuwaunganisha wenzake wa kulia na wa kushoto, kisha yeye mwenyewe kutokea mahali ambapo mabeki hawakumtazamia.

Mwaka 1901 alihamia Newcastle United, klabu ya England, akawa mchezaji wa kulipwa. Hapa ndipo lawama ya mzee wako inapoanzia, nami naomba umpime McColl kwa hesabu za wakati wake. Mwaka huohuo sheria ya England ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma, awe hodari kiasi gani. Zaidi ya hayo, klabu ilishika usajili wa mchezaji mkononi mwake: mkataba ukiisha, bado hakuweza kwenda kuchezea klabu nyingine bila idhini yake. Mpira ungeweza kumlisha mtu kwa miaka michache, lakini haukuweza kumjengea maisha, na goti moja likivunjika hakukuwa na bima wala kiinua mgongo cha kumtosha.

McColl aliliona hilo mapema. Mwaka uleule wa 1901 yeye na ndugu yake Tom walianzisha Glasgow biashara ya peremende, tofi na magazeti, na wapenzi wa mpira wakampa jina la Toffee Bob. Sidhani kwamba mtu aliyepanga hivyo alikuwa na tamaa. Alikuwa kijana wa miaka 25 aliyejua kwamba makofi ya uwanjani hayarithiwi, na aliyetaka awe na kitu chake ambacho hakuna klabu ingeweza kukishika. Nawaheshimu kwa dhati waliocheza bila malipo, kwa kuwa walitoa jasho lao kwa mapenzi. Ila lazima tukiri kwamba ilikuwa rahisi zaidi kuilinda heshima hiyo kwa mtu mwenye kipato kingine kuliko kwa mchimba makaa aliyepoteza ujira wa siku kila alipokwenda kucheza. Wakati ule waliotunga kanuni za ridhaa mara nyingi hawakuwa wachimba makaa.

Kuhusu Newcastle sina mengi. Hakufunga huko kama alivyofunga Uskoti, lakini anatajwa miongoni mwa waliopeleka uchezaji wa pasi wa Queen's Park, na timu hiyo ilipotwaa ubingwa mwaka 1905, kisha 1907 na 1909, ilikuwa ikisifiwa kwa uchezaji wa namna hiyo. Yeye alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1904 alirudi Glasgow akachezea Rangers, karibu na maduka yake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo mzee wako huenda aliiruka, ni ya mwaka 1907. McColl aliomba arejeshewe hadhi ya mchezaji wa ridhaa, jambo ambalo halikutolewa ovyo kwa mtu aliyekwisha kulipwa, akakubaliwa, akarudi Queen's Park. Alirudi bila mshahara, akiwa mfanyabiashara, kuchezea Hampden mpya, uwanja wa klabu hiyo uliofunguliwa mwaka 1903 akiwa bado yuko Newcastle. Mwaka 1908 Uskoti ikamwita tena, akiwa na miaka 31. Akaaga mwaka 1910 kwa kufunga mabao sita katika mchezo mmoja dhidi ya Port Glasgow Athletic. Nionyeshe msaliti anayerudi kufanya bure kazi ile ile aliyokuwa akilipwa.

Biashara ile ilikua kuliko mpira wake. Mwaka 1933 sehemu kubwa yake iliuzwa kwa Cadbury, watengenezaji wa chokoleti, lakini jina likabaki juu ya milango ya maduka nchini kote mpaka kampuni ilipoanguka mwaka 2022 na kununuliwa na Morrisons, kampuni ya maduka makubwa. Waliosoma jina lile kila asubuhi wakinunua gazeti, wengi wao hawakujua kwamba lilikuwa la mtu aliyeifunga England mabao matatu.

Utakapomwona tena mzee huyo, mwamkie kwa adabu, kisha umkumbushe kwamba wanachama wa Queen's Park wenyewe walipiga kura mwaka 2019 kuacha soka la ridhaa, na kwamba vijana mliowatazama siku ile wanalipwa. Muulize pia kama alipata kusikia kwa wakubwa wake namna McColl alivyocheza katika miaka ile ya mwisho, kati ya 1907 na 1910, kwa kuwa habari hizo vitabuni ni chache, nami ningependa sana kuzipata. Uniandikie atakachokujibu.

Mama yako akupendaye