Kwa aliyeuliza kuhusu Linda Loman: ni mjinga ama ni mwongo?

Dadangu, umesema kikundi chenu kinaandaa mchezo wa Death of a Salesman wa Arthur Miller, umepewa Linda, mke wa Willy, muuzaji wa kusafiri, na mwelekezi anataka uchague: huyu mama ni mjinga ama ni mwongo? Mimi nilicheza Biff, mwana wao mkubwa, miaka kadhaa iliyopita na kikundi cha huku Eastlands, Nairobi. Mazoezi tulifanyia kwenye ukumbi wa kukodi, ikija harusi tunafukuzwa. Mchezo ulikuwa kwa Kiingereza, ila mwelekezi wetu alitaka kila mtu ayaseme maneno yake kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Hapo ndipo ile familia ilianza kunitisha.

Usichague. Fungua pale Willy anaporudi safarini akijigamba vile ameuza. Linda anashika penseli na kupiga hesabu: kamisheni ni dola 212. Mzee anaanza kupunguza mauzo, kidogo kidogo, mpaka inabaki dola 70 na senti kadhaa. Na madeni yanangoja: friji, mashine ya kufua, paa na mengine, yote kama dola 120. Linda anasema hizo 70 ni nzuri sana. Dada aliyemcheza kwetu alikuwa anaisema kama anayebembeleza mtoto. Mwelekezi akamkatiza: "Usimtazame mume. Tazama karatasi." Akarudia, sasa akiandika hesabu kwelikweli, penseli ikasimama pale kwenye sabini, kisha ndipo akainua uso. Tuliokuwa tumekaa pembeni tukila mandazi tuliacha kutafuna.

Anajua, huyo mama. Anajua hata ule mpira wa kupitishia gesi ambao mumewe ameuficha ajiue nao. Mchana anautoa, jioni anaurudisha mahali pake ili mzee asiaibike. Anachokosea ni kudhani kwamba kumficha Willy aibu ndiko kumweka hai.

Willy naye usimwone mwongo. Dakika hii anasema Biff ni mvivu, dakika inayofuata anasema Biff ana sifa moja, si mvivu. Anayaamini yote mawili. Happy, mdogo wa Biff, nampita haraka: anashikilia kwamba nyumba yao imesema ukweli siku zote, na papo hapo Biff anamwambia yeye si msaidizi wa mnunuzi wa duka, ni msaidizi wa msaidizi tu.

Mtego uko kwa Biff, na niliuingia miguu yote miwili. Nilimcheza kama mtu pekee mwenye macho pale nyumbani. Lakini Biff mwenyewe aliamini kwamba aliwahi kuwa muuzaji wa Oliver, bosi wake wa zamani. Ilibidi angoje kwa muda wa saa sita, Oliver ampite bila kumkumbuka, ndipo akumbuke kwamba alikuwa karani wa kupakia mizigo, na bado akaiba kalamu ya watu. Miaka kumi na mitano! Mwelekezi akaniuliza, "Sasa hapa unamfichulia baba yako, ama unajifichua?" Sikuwa na jibu.

Jibu nilikuwa nalo, sikutaka tu kulitoa. Wakati huo nilikuwa karani wa stoo Industrial Area, nahesabu katoni. Baba alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa kwamba mimi ni mhasibu. Siku moja mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza mambo ya ushuru, nami nikamjibu! Baba hakunidanganya mimi, wala sikumdanganya yeye. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake.

Tangu siku hiyo mayowe ya Biff ya mwisho niliyapunguza. Analia kifuani kwa babake akiomba aachwe awe si kitu, na Willy anashangaa: kumbe huyu kijana ananipenda! Hapo ameona sawa, pengine mara ya kwanza mchezo mzima. Halafu papo hapo anaamini kijana atakuwa mtu mkubwa akipata dola 20,000 za bima ya maisha ya babake, anatoka na gari kwenda kufa. Kwa hiyo wewe Linda, ukiwa unamwita apande kitandani, usiite kama anayejua kinachokuja. Mwite kama mke aliyefurahi kwamba leo hatimaye wamepatana.

Baba alikuja usiku wa mwisho. Tulirudi kwa matatu ya Umoja, yeye kwenye dirisha, kimya mpaka tukapita City Stadium. Akasema yule mzee alijiponza, kijana angeambiwa ukweli mapema. Nikasema ndiyo, baba. Jamaa wa kiti cha mbele akageuka, alikuwa ametoka kuutazama mchezo pia, akanipongeza. Baba akamshukuru kwa niaba yangu.

"Huyu kwa kazi ni mhasibu," akamwambia. "Hii ya kuigiza ni ya wikendi tu."

Nikamwitikia jamaa kwa kichwa, nikalipa nauli ya watu wawili.