Simu yasema mwezi umezaliwa, macho hayakuuona: nifuate lipi?

SWALI: Asalaam aleikum, Sheikh. Tarehe 29 Shaaban programu ya simu ilionyesha mwezi umezaliwa tangu saa 3 asubuhi. Jioni hapa Eastleigh hatukuuona, tukatangaziwa tukamilishe siku 30. Wenzangu chuoni wanasema dini inakataa sayansi. Nifuate lipi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Waulize wenzako simu ilisema nini hasa. Mwezi "kuzaliwa" ni pale unapopita upande mmoja na jua, na uso wake unaotuelekea ni giza tupu. Kisha huachana na jua kwa digrii 12 hivi kwa siku, yaani nusu digrii kwa saa. Uliozaliwa saa 3 asubuhi, jua likitua Nairobi saa 12:30 jioni, uko kama digrii 5 tu kutoka kwenye jua. Chini ya digrii 7 jicho haliuoni, na mara nyingi huhitaji 10 au zaidi. Mtaalamu yeyote makini wa elimu ya anga angekwambia lile lile ulilotangaziwa: usiku ule mwezi haukuandama.

Qur'ani yenyewe, Surat Rahman, inasema jua na mwezi huenda kwa hisabu. Mtume (s.a.w.) naye ameifunga ibada kwenye kuona: tufunge kwa kuuona, tufungue kwa kuuona, na ukifichwa na mawingu tukamilishe 30. Imamu Taqiyuddin as-Subki, aliyefariki mwaka 756 Hijria, alisema hesabu ya yakini ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kuuona hukataliwa. Wapo wanazuoni wa madhehebu ya Kishafii waliompinga, lakini mimi naona hoja yake ina nguvu, maana watu wameapa kwa nia njema kumbe waliiona Zuhura au moshi wa ndege.

Basi hesabu ikusaidie kutazama. Tafuta magharibi wazi. Ghorofa za Eastleigh zinaziba, mgongo wa vilima vya Ngong unatazama Bonde la Ufa. Angalia mwezi utatua dakika ngapi baada ya jua. Zikiwa 45, tazama zaidi dakika ya 20: kabla ya hapo anga bado inang'aa, ukichelewa mwezi umeshuka kwenye vumbi la upeo. Darubini usiiguse jua halijatua, itakuunguza jicho. Ukiuona, kumbuka pembe zake zilielekea wapi. Pembe za hilali huelekea mbali na jua daima, na hilo ndilo swali la kwanza nitakalokuuliza kabla hatujampelekea Kadhi habari.

Programu ikisema unaonekana na mawingu yametanda, usifunge kwa simu. Subiri tangazo la Kadhi Mkuu, huenda umeonekana Lamu au Mandera. Usipoonekana popote, ni 30.