Windows 7, 10 na 11: usiandike programu mbili

Ndugu yangu, umesema programu yako ya stoo ya duka la dawa inafunguka vizuri kwenye Windows 11 hapo Chake Chake, lakini kwa mteja wa Wete mwenye Windows 7 inagoma, na sasa unataka kuandika toleo la pili. Usithubutu. Utarekebisha risiti huku, kule utasahau.

Tatizo ni hiyo .NET 8 uliyotumia, jukwaa la Microsoft ambalo programu yako inalitegemea ili ifunguke: haihudumii chini ya Windows 10. Hamia .NET Framework 4.8, jukwaa lake la zamani. Inakubali Windows 7 yenye Service Pack 1 (kifurushi chake cha masasisho), na kwenye 11 inakwenda bila shida. Chukua kisakinishi chake kamili kwenye flashi, maana kile kidogo kitadai intaneti ukiwa umeshafika dukani. Na programu uijenge kwa biti 32, itakubali kompyuta zote hizo, za biti 32 na za 64.

Jengine: kwenye msimbo wa programu usiulize "hii ni Windows gani?" Windows 10 na 11 zote hujitaja 10.0, tofauti iko kwenye nambari ya bildi tu (nambari ya ndani ya kila toleo), 11 ikianzia 22000. Uliza kama kile unachokihitaji kipo. Arifa ya dawa inayokaribia kuisha muda, kwa mfano: mfumo ukiwa na arifa za kisasa zitumie, ukiwa hauna, fungua kidirisha cha kawaida chenye kitufe cha "Sawa".

Ila huyo wa Wete mwambie, tena kwa maandishi, kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 7 Januari 2020.