Nani Asiye na Presha?

SWALI: Mwalimu, kitabu cha sayansi cha mwanangu kinasema "mfumo wa neva unaojiendesha". Mimi nilizoea "mishipa ya fahamu isiyo ya hiari". Lipi sahihi? Na ndio huo unaompandisha mtu presha akishtuka? – Mzazi, Majengo, Mombasa

JIBU: Yote mawili yafaa, ndugu mzazi. Ni neva zinazoendesha moyo, jasho na mengineyo bila wewe kuamua. Mimi ningesema "mfumo wa neva usio wa hiari", maana haujiendeshi hivi hivi. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, na shina la ubongo, pale ubongo uungapo na uti wa mgongo, ndivyo vinavyoushikia usukani. Hiari na fahamu asili yake Kiarabu, neva Kiingereza. Basi. Kilichoniwasha ni hiyo presha yako.

Barazani kwetu, mpira ukifika penalti, mzee mwenzangu hushika kifua: "Presha yanipanda!" Mtazame. Moyo wamwenda mbio, mboni zimetanuka, mate yamemkauka, viganja vyatoka jasho, kahawa yapoa. Hiyo ni kazi ya neva za simpathetiki, tawi la mfumo huo la kumwamsha mtu, zikisaidiwa na homoni ya adrenalini kutoka tezi zilizokaa juu ya figo. Damu nayo yasukumwa kwa nguvu zaidi, sikatai. Penalti ikishapigwa, neva ya vagasi, ya tawi la kutuliza, huurudisha moyo kwenye mwendo wake, naye huirudia kashata yake. Ni jakamoyo, yakhe! Neno tunalo. Tuna wahaka, tuna kiherehere, moyo wampapa, roho i juu juu. Yote tumeyatupa jaani kwa neno moja la kuokota.

Na asemaye "Mimi sina presha"? Tangu lini? Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Ukiinuka ghafla, damu huteremkia miguuni, presha ikashuka. Vipokezi vinavyohisi presha, vya kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na mishipa mikubwa ya shingo huupasha ubongo habari, mishipa ikabanwa, moyo ukaongeza kasi, usije ukaanguka. Asiye na presha tushamkosha, tushamkafini.

Ugonjwa wenyewe, wa shinikizo kukaa juu siku zote, mara nyingi hauna dalili yoyote. Hapo ndipo uzembe huu wa lugha unapodhuru: mtu moyo haumdundi, akajiona hana presha, asiende kupimwa.

"Ana presha" kwa maana ya mgonjwa nimechoka kuipinga. Hata wauguzi waisema, na ikae. Lakini presha ya harusi, presha ya kodi ya nyumba, "usinipe presha"? Hizo sizipokei, hata mkiniandikia barua mia.