Msiende Kaş kwa ajili ya mchanga

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: ukiacha pwani zetu wenyewe, ni mji gani wa ufukweni ungemshauri mwenzako akapumzike, na afanye nini akifika? Mimi nasema Kaş (tamka Kash), kusini magharibi mwa Uturuki, kwenye Bahari ya Mediterania. Naishi Ujerumani, na hapa ikifika likizo nusu ya ofisi inakimbilia Uturuki. Wengi huishia kwenye mahoteli makubwa ya upande wa Antalya, wanafungwa bangili ya plastiki mkononi na hawatoki getini mpaka siku ya kurudi. Kaş haina mahoteli ya aina hiyo. Milima haikuyaachia nafasi.

Nianze na ubaya wake. Mtu aliyekulia Pangani kama mimi, akienda Kaş kutafuta mchanga, atanuna. Mlima umeshuka moja kwa moja baharini, na watu wanaoga kutoka kwenye majukwaa ya mbao yaliyojengwa juu ya miamba, yenye ngazi ya chuma ya kushukia majini. Nilipoziona ngazi zile nilijiuliza zitafaa nini maji yakipwa. Basi hayapwi! Bahari ile kupwa na kujaa kwake ni kidogo mno, huwezi kuona tofauti kwa macho. Asubuhi maji yako kwenye kipago hiki, jioni yako palepale. Kwa mtu wa pwani jambo hilo linatia mashaka kidogo.

Ukitembea kidogo kutoka mjini unafika Büyük Çakıl, ufuo wa kokoto tupu. Chukua viatu vya mpira na miwani ya kuzamia. Chini ya kokoto mna chemchemi, maji matamu yanapanda baridi kama ya friji na kuchanganyika na ya chumvi, na pale yanapokutana huoni vizuri: samaki anapita mbele yako amefifia, akitoka upande wa pili anarudi kuwa samaki.

Mchanga wenyewe uko Patara, mwendo wa gari upande wa magharibi, ufuo wa kilomita zipatazo 18. Wasomaji wa Biblia watalikumbuka jina hilo: Matendo ya Mitume sura ya 21, Paulo anafika Patara na kupanda merikebu ya kwenda Foinike. Leo bandari ile imejaa matope na mchanga, na magofu yake yamesimama nyuma ya ufuo. Usiku hamruhusiwi kukaa ufukweni wakati wa kasa kutaga. Kabla ya kwenda kuoga, pitieni kwenye jengo la baraza la Likia, shirikisho la miji ya kale ya pwani hii, limefanyiwa ukarabati na viti vyake vya mawe vinakalika. Miji 23 ilikuwa ikituma wajumbe kwenye baraza la shirikisho hilo, na mwanajiografia Strabo ameandika kwamba miji mikubwa ilikuwa na kura 3, ya kati 2, midogo 1. Bunge letu la Afrika Mashariki limeamua vingine, kila nchi wabunge 9 wa kuchaguliwa, iwe kubwa iwe ndogo. Nilikaa pale nikiwaza Burundi ingepewa kura ngapi.

Kwa Kaş yenyewe, kilichonivuta ni kwamba magofu hayakuzungushiwa uzio yakawekwa mbali na watu. Katikati ya mtaa wa maduka, ukipanda kilima kidogo, kuna kaburi la jiwe la zaidi ya miaka 2,000, lina maandishi ya lugha ya Likia ubavuni na vichwa vya simba vimechomoza kwenye kifuniko. Chini yake watu wanakunywa chai na paka wamelala. Ukumbi wa michezo wa Antiphellos, ndilo jina la mji wa kale, unatazama bahari. Jioni vijana wanakwenda na mbegu zao za alizeti kukaa kwenye ngazi zilezile. Mimi nimezoea magofu ya Tongoni, kwetu Tanga, ambako ukienda siku ya kazi unaweza kujikuta uko peke yako na mlinzi.

Siku moja wekeni kwa kisiwa cha Kekova. Mnakwenda mpaka kijiji cha Üçağız, mnakodi kayaki na mtu wa kuwaongoza, mnapiga kasia kando ya kisiwa ambako mitetemeko ya ardhi ilizamisha sehemu ya mji wa kale. Ngazi zinashuka kutoka kwenye mwamba na kuendelea chini ya maji, unaziona kwa macho. Kuogelea juu ya magofu hayo ni marufuku, na vizuri iwe hivyo. Ng'ambo yake iko Kaleköy, kijiji kisichofikika kwa gari, na kaburi moja limesimama majini.

Wapiga mbizi wana mengi zaidi. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aliripoti vitu alivyoviona chini ya bahari huko Uluburun, karibu na Kaş, na ikagundulika ni jahazi lililozama karne ya 14 kabla ya Kristo. Lilibeba shaba tani 10, bati kiasi cha tani moja, meno ya kiboko, pembe za ndovu, mayai ya mbuni, na magogo ya mpingo. Ndiyo, mpingo huuhuu wa vinyago na zumari! Sisemi ulikatwa Lindi. Mpingo unaota hadi Sudani na Uhabeshi, na Misri ilikuwa njiani. Lakini nani angedhani? Vitu vyenyewe viko kwenye makumbusho ya Bodrum, mbali kidogo na hapo.

Wapenda kutembea wafuate Njia ya Likia, iliyofunguliwa 1999, zaidi ya kilomita 500 kwa jumla, yenye alama za rangi nyekundu na nyeupe kwenye mawe. Kipande cha kutoka Kaş hadi Limanağzı kinatosha mtu wa kawaida: unakwenda kwa miguu, unarudi kwa boti. Vaa viatu vya soli ngumu, mawe yale yanakata. Beba maji ya kutosha.

Nendeni Mei, au mwisho wa Septemba. Julai na Agosti jua linaua na bei zinapanda. Samaki anauzwa kwa kupimwa, kwa hiyo uliza bei kabla hajaenda jikoni. Na kile kisiwa mnachokiona mbele ya bandari, Meis, ni cha Ugiriki. Boti ni chini ya nusu saa, lakini mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen kuingia, na ya Uturuki inayomruhusu kurudi. Yakamilisheni hayo kabla ya kukata tiketi ya boti.